Kurekebisha dodoso si kulitafsiri

Juzi jioni, nje ya Uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, kijana mwenye kishikwambi alikuwa akiwahoji wakimbiaji waliotoka mazoezini. Aliniamkia vizuri, kisha akaniambia kwa fahari: "Mzee, hili ni dodoso la majeruhi kutoka Ulaya. Tumeshalirekebisha kwa Kiswahili." Mmelirekebishaje? "Tulilitafsiri jana usiku."

Nimeyasikia haya mara nyingi mno, ngoja leo niyaseme.

Kurekebisha dodoso ni kulifanya lipime kwa watu wapya kitu kile kile lilichokuwa likipima kwa wale wa mwanzo. Tafsiri ni hatua ya kwanza tu. Utaratibu unaofuatwa na wengi, ulioandikwa mwaka 2000, unataka watu wawili watafsiri kila mmoja kivyake, kazi zao ziunganishwe, wengine wawili wasioliona dodoso la awali wairudishe kwenye lugha ilikotoka, kamati ikae ilinganishe, halafu dodoso lijaribiwe kwa watu 30 hadi 40 wa aina ile ile watakaolijaza. Usiku mmoja hautoshi hata kwa chai ya hiyo kamati.

Lakini hayo ya utaratibu hayanikeri sana. Kinachonikera ni lile neno "majeruhi".

Majeruhi ni mtu. Neno limetoka Kiarabu, shina moja na jeraha: jeraha ni kile kilichompata, majeruhi ni yeye aliyepatwa. Watangazaji wa mpira wametuzoesha kusikia kwamba beki "amepata majeruhi", nami kila mara najiuliza amemwokota wapi na kama amempeleka hospitali. Sasa limeingia mpaka kwenye utafiti. (Dodoso, kwa wanaouliza, halina undugu na Dodoma. Linatokana na kudodosa, kuuliza kidogo kidogo mpaka mtu afunguke. Dodoma ni habari nyingine, ya tembo aliyezama matopeni, kama wazee wa Kigogo wanavyosimulia.)

Utasema basi tuandike "jeraha", yaishe. Hayaishi. Shina hilo hilo ndilo lililowapa Waarabu jina la daktari mpasuaji, na kwetu jeraha bado linanuka damu: mtu akilisikia anatafuta palipochanika. John Stephen Akhwari alipomaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 akichechemea, mguu umefungwa bandeji, lile lilikuwa jeraha bila ubishi. Ila wakimbiaji wengi hawasumbuliwi na kuanguka. Wanasumbuliwa na ugoko unaouma polepole wiki baada ya wiki, au kano ya juu ya kisigino inayokaza kila alfajiri. Kwa Kiswahili chetu huyo hana jeraha. Anaumwa mguu.

Nikasimama nisikilize. Kijana akamuuliza mkimbiaji mmoja kutoka upande wa Manyoni: "Wiki iliyopita ulipata majeruhi yoyote?" Yule akajitazama miguu, akasema hapana. Nikachomekea: hakuna mahali panapokuuma? "Ah, ugoko huu mzee. Leo siku ya tatu nakimbia nusu nusu." Kwenye kishikwambi alishaandikwa mzima.

Nikaomba nilione dodoso lenyewe, nikalitambua. Ni lile la watafiti wa Oslo, Norwei, lililotoka mwaka 2013, na wao walilitunga makusudi kwa ajili ya maumivu haya yanayojijenga taratibu. Wanauliza kuhusu matatizo ya kiungo fulani, tuseme goti, kwa maswali manne: yamekutatiza kushiriki mazoezi na mashindano? Yamekupunguzia mazoezi? Yamekushusha kiwango? Maumivu ni makali kiasi gani? Kila jibu lina alama 0 hadi 25, jumla 100. Wao waliandika "matatizo". Kijana aliona "majeruhi" lina uzito zaidi wa kitaalamu.

Yapo na mengine. "Mguu" wetu unaanzia nyongani hadi vidoleni, kwa hiyo ukiuliza tatizo la mguu hujui umejibiwa la paja au la enka. Na "wiki iliyopita", ukiuliza siku ya Alhamisi, mmoja atahesabu Jumatatu hadi Jumapili iliyokwisha, mwingine atarudi nyuma siku saba.

Sikutaka kumvunja moyo, maana kujitolea anajitolea, na jua la Dodoma tunalijua. Nikamwambia: mwanangu, kwa sasa andika juu pale "dodoso lililotafsiriwa", hapo hutakuwa umemdanganya mtu. Futa "majeruhi", weka "tatizo au maumivu", weka "siku saba zilizopita". Halafu kesho usiwape walijaze. Wasomee swali moja moja, uwaulize wao wameelewa nini. Akaniuliza kama na hilo nalo ni sehemu ya kurekebisha. Nikamwambia ndiyo, hapo ndipo unapoanzia.