Jasho si kipimo cha kalori

Watu wengi wanaokimbia alfajiri mjini Goma huvaa jaketi nzito, wengine hujifunga plastiki tumboni, wakiamini kwamba anayetoka jasho zaidi ndiye anayechoma kalori zaidi. Imani hiyo inaeleweka, maana ukipanda mizani baada ya mbio, uzito umepungua kweli. Ila kilichopungua karibu chote ni maji. Kilo 1 ya mafuta ya mwili hubeba kalori kama 7,700. Hakuna mbio za saa moja zinazoimaliza.

Kukimbia kwenye tambarare hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili, kwa kila kilometa. Mwenye kilo 70 akikimbia kilometa 5 hutumia kama 350, mlima huongeza. Saa inayosoma mapigo ya moyo nayo hupotoka hapa: joto la jaketi hupandisha mapigo, na saa huhesabu kalori ambazo hazikutumika.

Jipime mwenyewe bila nguo kabla ya kukimbia, kisha baada, ukiwa umefuta jasho. Kunywa maji, kula kama kawaida, pima tena kesho yake asubuhi: uzito utakuwa umerudi karibu wote. Plastiki iacheni kabisa, tafadhali. Inazuia jasho kukauka, mwili unashindwa kupoa, na kizunguzungu huanza hapo.