Uhalali wa utawala: nani ana haki ya kutiiwa?

Augustino, aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, anasimulia kisa cha haramia aliyekamatwa na kuletwa mbele ya Aleksanda Mkuu. Mfalme alimuuliza kwa nini anaisumbua bahari. Haramia akajibu bila woga: kwa sababu ile ile inayokufanya wewe uisumbue dunia, mimi nina chombo kimoja kidogo, ndiyo maana naitwa mnyang'anyi, wewe una merikebu nyingi, ndiyo maana unaitwa mfalme.

Augustino alianza kuandika kitabu chenye kisa hicho miaka michache baada ya Roma kutekwa na kuporwa na Wagothi mwaka 410, wakati watu waliodhani dola ile haina mwisho walikuwa wakijiuliza ilikuwa kitu gani hasa. Swali lake mwenyewe ni kali kuliko jibu la haramia: haki ikiondolewa, falme ni nini kama si magenge makubwa ya wanyang'anyi?

Kinachomtofautisha mfalme na haramia, kama kipo, ndicho kinachoitwa uhalali wa utawala. Ni haki ya mtawala kuamuru na kutiiwa, pamoja na sababu inayomfanya mtawaliwa aone kwamba ana wajibu wa kutii hata pale ambapo hakuna askari anayemtazama. Jambazi akikuelekezea bunduki utampa fedha. Ofisa wa kodi naye utampa fedha. Kwa jambazi unatoa kwa kuwa huna la kufanya. Kwa ofisa, ukiulizwa, unaweza kukubali kwamba ana haki ya kudai. Falsafa ya siasa, kwa sehemu kubwa, ni juhudi ya kueleza haki hiyo inatoka wapi na inakoma wapi.

Uhalali si sawa na kufuata sheria. Utawala wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini ulikuwa na bunge, mahakama na sheria zilizochapwa vizuri. Sheria iliyomlazimisha Mwafrika kutembea na pasi, yaani kitambulisho cha kumruhusu kuwa mahali fulani, ilipitishwa kwa utaratibu uliokubalika bungeni. Tarehe 21 Machi 1960 watu walikusanyika Sharpeville kuipinga sheria hiyo, na polisi wakawaua 69 kati yao. Kila amri ilikuwa na karatasi yake. Kilichokosekana ni haki ya kuitoa, kwa sababu waliotakiwa kuitii hawakuwa na sauti yoyote katika kuitunga. Wala uhalali si umaarufu: kiongozi anaweza kushangiliwa mwaka huu na kuchukiwa mwaka ujao bila haki yake ya kushika madaraka kuguswa, ilimradi aliyapata na anayatumia ipasavyo.

Wasomi wenyewe hulitumia neno hili kwa namna mbili, na asiyejua hilo atapotea katika mijadala yao. Mjerumani Max Weber, katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 1919, aliuliza kwa nini watu hutii. Alitaja mazoea ya jadi, mvuto wa pekee wa kiongozi, na imani katika kanuni zilizowekwa. Hapo alikuwa anaeleza hali ilivyo. Mwanafalsafa huuliza zaidi ya hapo: je, wanaotii wana sababu nzuri ya kutii? Watu wanaweza kuamini kwamba mtawala wao ni halali kwa kuwa wamedanganywa tangu utotoni, na imani yao isimpe haki yoyote.

Jibu la kale kabisa limetoka katika dini. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Qur'ani, katika Sura An-Nisaa aya ya 59, inawaamuru waumini wamtii Mwenyezi Mungu, wamtii Mtume, na wenye mamlaka miongoni mwao. Watawala wa kila zama wamezipenda aya hizi na kuzisomea watu. Lakini kuziacha peke yake ni kuzidhulumu dini zenyewe. Katika Matendo ya Mitume, Petro na wenzake wanaliambia baraza la Wayahudi kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Samweli, Waisraeli walipomwomba awape mfalme kama mataifa mengine, aliwaonya wazi: atawachukua wana wenu kwa vita vyake, mashamba yenu atawapa watumishi wake, nanyi mtalia.

Na Abubakari, khalifa wa kwanza baada ya Mtume Muhammad, alipopewa baia (kiapo cha utii) ya ukhalifa mwaka 632, alisema, kwa mapokezi ya wanahistoria wa Kiislamu, kwamba amepewa uongozi ilhali yeye si mbora wao. Akitenda vyema wamsaidie, akipotoka wamnyooshe. Wamtii maadamu yeye anamtii Mungu na Mtume wake, na akiasi hawana wajibu wa kumtii. Hotuba ile ni fupi, nami naiona kuwa miongoni mwa maelezo bora ya uhalali yaliyopata kutolewa na mtu anayeingia madarakani, kwa sababu inaweka sharti siku ile ile utii unapoanza. Dini, basi, imefanya kazi mbili: imempa mtawala kiti, na imemwekea juu yake Mwingine wa kumhukumu.

Kazi hizo mbili ziligongana vibaya Uingereza. Januari 1649 mfalme Charles wa Kwanza alifikishwa mahakamani mjini London kwa kosa la uhaini dhidi ya watu wake. Hakukubali kujibu mashtaka. Aliuliza tena na tena: mnanihukumu kwa mamlaka gani, na je, mamlaka hayo ni ya halali? Yeye aliamini kiti chake kimetoka kwa Mungu. Mahakama ilidai inasema kwa niaba ya watu wa Uingereza, ingawa mwezi mmoja kabla wanajeshi walikuwa wamewazuia wabunge wengi kuingia bungeni. Alikatwa kichwa tarehe 30 Januari, na swali lake likabaki bila jibu la kuridhisha. Kila upande ulikuwa na hoja, na kila upande ulikuwa na dosari.

Miaka miwili baadaye mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes alichapisha kitabu chake kikubwa akidai kwamba dola inatokana na watu kukubaliana kumwachia mmoja nguvu zao ili wasiuane. Mwenzake John Locke, mwaka 1689, alikubali kwamba chanzo ni ridhaa, lakini akaongeza kwamba serikali inayokanyaga haki za watu imeivunja dhamana iliyopewa, nao wanaweza kuiondoa. Tangu hapo, katika nchi nyingi, jibu la "Mungu kaniweka" lilianza kupoteza nguvu mbele ya jibu la "mmenikubali".

Mtu anayeendesha dola huenda akaona haya ni maneno ya vitabuni tu. Machiavelli, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya mji wa Firenze, Italia, na ambaye hakuna aliyewahi kumtuhumu kwa kuota ndoto, aliandika mwaka 1513 kwamba ngome bora kuliko zote ni kutochukiwa na watu. Hesabu ya hapo ni ya kiutendaji: mtawala anayetiiwa kwa hofu peke yake lazima alipe macho ya kumtazama kila mtu, kisha alipe macho mengine ya kuwatazama wale watazamaji.

Fasihi nayo imeliona hilo, na kwa undani ambao mwanafalsafa hupata taabu kuufikia, kwa kuwa inatuonyesha kilichomo vifuani mwa watawaliwa. Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa Lamu na Muhamadi Kijuma mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale zaidi, ni utenzi wa uhalali ukiusoma vizuri. Mfalme wa Pate ana kiti, ana gereza, ana askari. Liyongo hana lolote kati ya hayo, lakini watu wanampenda, na mfalme anajua. Anamfunga, na mfungwa anatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate huku mji mzima ukicheza gungu na kelele zikifunika sauti ya minyororo inayokatwa. Mwishowe mfalme anamrubuni mtoto wa Liyongo mwenyewe, kwa ahadi ya uwaziri na binti, amchome baba yake sindano ya shaba kitovuni. Angekuwa na haki ya kuua, angeua mchana, kwa hukumu, na watu wakashuhudia. Kwa nini ahitaji hila namna hii?

Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Juliasi Kaizari, na tafsiri hiyo ikachapishwa mwaka 1963, akiwa rais. Kiongozi wa nchi changa kukaa na kisa cha mtawala anayeuawa na marafiki zake ni jambo linalostahili kutafakariwa. Ndani yake Bruto, mmoja wa wauaji, ameshashinda kwa kisu, hata hivyo anapanda jukwaani kuwaeleza raia kwa nini ameua. Anajua kwamba bila wao kukubali, tendo lake ni mauaji tu. Kisha Antoni, rafiki wa Kaizari, anasimama, anasoma wosia wa marehemu unaompa kila raia drakma 75, na ridhaa iliyopatikana dakika chache zilizopita inageuka kuwa moto wa kuchoma nyumba. Shakespeare hamkatishi tamaa msomaji asiamini ridhaa ya watu. Anamtahadharisha kwamba ridhaa inaweza kununuliwa na kuchochewa, kwa hiyo kuipata siku moja uwanjani hakutoshi.

Katiba zetu leo zinasema waziwazi kwamba mamlaka ni ya wananchi: ya Tanzania katika ibara ya 8, ya Kenya ya mwaka 2010 katika ibara ya kwanza kabisa. Ugumu unaanza pale wananchi wanapotofautiana. Mwaka 1991 Tanzania iliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba wengi walipuuzwa. Mimi naona tume ilielewa vizuri uhalali ni nini. Wale wachache waliotaka vyama vingine walikuwa wakilipa kodi ile ile na kutii sheria zile zile, na chini ya chama kimoja hawakuwa na njia ya kuungana kisheria kuiomba nchi nafasi ya kuongoza. Waliopenda chama chao hawakunyang'anywa: mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo ule urejeshwe, walikipigia kura na kikashinda.