Husnu dhanni siyo fikra chanya

Husnu dhanni ni kumdhania Mwenyezi Mungu mema: kwamba anarehemu, anajibu dua, anapokea toba, hamdhulumu mja wala hamtupi. Kinyume chake ni suu dhanni. Anayetaka tafsiri tu anaweza kuishia hapa.

Kinachonikera ni Hadithi al-Qudsi (maneno ya Allah yaliyosimuliwa na Mtume nje ya Qur'ani) moja ambayo siku hizi haikosekani kwenye semina za kujitambua na kwenye status za WhatsApp: "Mimi niko kama mja wangu anavyonidhania." Imepokewa na Abu Hurayra, wameitoa Bukhari na Muslim, kwa hiyo hakuna wa kuitilia shaka. Shida ni maneno yanayofuata ikishasomwa. Mhamasishaji anameza mate kidogo, anasema: "Mnaona? Ukijiona tajiri unakuwa tajiri. Ulimwengu unasikia. Jitamkie!" Ukumbi unaitikia takbiri, kisha watu wanafundishwa kubandika ukutani picha ya gari wanalolitaka.

Mafundisho hayo yana kwao, na kwao si Madina. Phineas Quimby, fundi saa wa jimbo la Maine huko Marekani, aliyefariki 1866, alishikilia kuwa ugonjwa chanzo chake ni imani potofu akilini, na imani ikinyooka mwili unapona. Waliokuja baada yake wakaitoa fikra hiyo kwenye afya wakaipeleka kwenye fedha. Mwaka 1906 William Walker Atkinson alichapisha kitabu Chicago kuhusu sheria ya mvuto: wazo huvuta linalofanana nalo. Karne moja baadaye, 2006, Rhonda Byrne wa Australia akaifufua kwa filamu na kitabu, kwa maneno matatu: omba, amini, pokea. Anayeombwa hapo ni ulimwengu. Kwetu sisi ulimwengu ni kiumbe kama wewe na mimi, nao hauna cha kumpa mtu.

Turudi kwenye Hadithi. Haikusema "anavyodhania" ikanyamaza. Imesema anavyoNIdhania. Dhana inayotajwa inamhusu Allah, siyo kiwanja wala cheo. Unaweza kumdhania Allah mema kabisa na kiwanja usikipate, na dhana yako isiwe imeharibika hata chembe. Hapa ndipo njia zinapoachana, na ndipo watu wanapopapita mbio.

La kwanza, chukua vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Waislamu waliouawa siku ile ni kiasi cha 70, Hamza, ami yake Mtume, akiwa mmoja wao, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivunjwa jino na kujeruhiwa uso. Kama husnu dhanni ingekuwa nguvu ya kuvuta matokeo, nani alikuwa na dhana njema kuliko yeye? Qur'ani ilipoeleza kilichotokea, katika sura ya Aal Imran aya ya 152, haikusema waliingia na mawazo hasi. Ilisema walilegea, wakazozana, wakaasi amri. Wapiga mishale waliowekwa kilimani waliona ngawira wakateremka. Dhana inakuja aya ya 154, nayo ni ya kundi lililomdhania Allah "dhana ya kijahilia" baada ya pigo. Kosa lao lilikuwa kudhani kuwa kwa kuwa wamepigwa, basi Allah kawaacha.

Jambo la pili ni huzuni. Wenye sheria ya mvuto wanaiogopa huzuni kama moto. Nimesikia mfiwa akiambiwa, tena msibani, watu hawajatoka makaburini vizuri, kwamba aache mawazo hasi asije akajivutia mengine. Subhanallah. Nabii Yaaqub alilia mpaka macho yake yakawa meupe, akasema: "Hakika mimi namshtakia Allah sikitiko langu na huzuni yangu." Mtu huyohuyo, kwenye aya inayofuata, anawaambia wanawe wasikate tamaa na rehema ya Allah. Machozi na dhana njema vimekaa katika kifua kimoja, na hakuna aliyemwambia ajichekeshe.

Tena hiyo hofu ya "usiseme, utajivutia" tunaijua kwa jina lake la zamani. Waarabu waliiita tiyara, kutoka kwenye ndege waliyemtazama ameruka upande gani kabla ya kufunga safari. Na sisi mpaka leo tunasema fulani ana ndege mbaya. Mtume aliikataza. Akasema linalompendeza ni fa'l, yaani neno jema. Kufurahia neno jema ni Sunna. Kuamini kuwa neno baya lina mkono wa kukuletea maradhi ni tiyara iliyovalishwa suti.

La tatu ni dua yenyewe. Soma kwa makini dua ya istikhara, ya kumuomba Allah akuchagulie lililo kheri: "Wewe unaweza nami siwezi, Wewe unajua nami sijui." Kisha muombaji anaomba pande mbili. Jambo hili likiwa kheri kwangu, nisahilishie. Likiwa shari, liepushe nami, unipe kheri popote ilipo, na uniridhishe nayo. Hebu jaribu kuibandika dua hiyo ukutani karibu na picha ya gari. Haiwezekani, maana mwenye picha ameshaamua lililo kheri na mwenye dua anakiri hajui. Yakini katika dua tumeamrishwa, lakini ni yakini kwa Mjibuji, si kwa umbo la jibu.

Kuna wanaoipotosha husnu dhanni kwa upande mwingine: mtu haswali, anakula haki za watu, ukimgusa anajibu kuwa Allah ni Ghafuru, mdhanie mema. Mtu wa namna hii, mwanachuoni Ibn al-Qayyim alimmaliza karne ya 14 Miladia pale Damascus aliposema mfano wake ni mwenye shamba asiyelima wala kupanda, anayengoja mavuno. Hicho akakiita ghururi, yaani kujidanganya.

Wala sisemi vitabu vya kujiendeleza vitupwe. Mwanachuoni Mmisri Muhammad al-Ghazali (aliyefariki 1996, msimchanganye na Imamu Abu Hamid al-Ghazali wa zamani) alikisoma kitabu cha mwandishi Mmarekani Dale Carnegie cha 1948 kuhusu kuacha wasiwasi, akakiandikia kitabu kizima cha kuonyesha mengi ya humo yana msingi katika Uislamu. Kupanga siku yako, kuacha kuteswa na ya kesho, kutodharau uwezo wako: nani atayapinga? Alichambua, akachukua, akaacha.

Basi ndugu zangu wahamasishaji, mkiisoma Hadithi ile, isomeni yote. Inaendelea: nami niko pamoja naye anaponikumbuka, akinikaribia shibiri, namkaribia dhiraa, akinijia akitembea, namjia mbio. Yote ni habari ya mja na Mola wake. Na kama somo la siku hiyo ni kujiamini kazini, liiteni kujiamini. Ni somo zuri, watu watalilipia kiingilio, na linasimama bila kuazima Hadithi.