Safari ya Umra kwa kundi: majina, mabegi na wazee wenu uwanjani

Mashirika mengi ya ndege huwahesabu kuwa kundi mkifika watu 10. Bukingi ya kawaida hubeba hadi abiria 9, na kwa kundi dogo mara nyingi inatosha, maana bei ya kundi si lazima iwe bei ya chini. Unachonunua pale ni uhakika tu: viti vyote kwa bei moja, na nafasi ya kuleta majina baadaye. Mkiwa 12 na msimu umepoa, mwambie wakala akupigie hesabu zote mbili. Umra ya Ramadhani kutoka Dar es Salaam au Mombasa haina mjadala huo. Shikeni viti mapema, kwani tiketi za mmoja mmoja zinapanda huku nyinyi bado mnachangishana.

Mkataba wa kundi una tarehe tatu: ya kulipa amana, ya kupeleka majina, na ya kukatiwa tiketi. Wakala asiyetaka kukupa tarehe hizo kwa maandishi, muage. Tarehe ya amana ikipita, viti vinarudi sokoni bila mtu kukupigia simu. Kuna pia kifungu cha kupunguza viti: mnaruhusiwa kurudisha sehemu fulani bila faini, mkizidisha hapo amana ya viti hivyo imeliwa. Kwa hiyo usishike viti 40 wakati waliolipa ni 25 na wengine 15 wameandika tu "inshallah" kwenye WhatsApp.

Majina ndiyo yanayoharibu safari nyingi, na yanaharibikia kwenye orodha ya kiongozi wa kundi, si kwa shirika. Usikubali jina lililoandikwa kwenye ujumbe. Dai picha ya ukurasa wa pasipoti, umepigwa ukiwa umelala bapa, na mistari miwili ya chini ikisomeka yote. Wa juu kati ya hiyo miwili huanza na herufi P, kisha nchi (TZA, KEN), kisha jina la ukoo, kisha alama mbili << na majina mengine: P<TZAMBARUKU<<ASHA<JUMA. Tiketi yake itasomeka MBARUKU/ASHA JUMA. Ikitoka MBARUKU/ASHAJUMAMRS usishtuke, mifumo mingi hugandisha majina na kubandika cheo mwishoni. Kosa ni pale herufi zinapotofautiana, au Juma anapogeuka kuwa jina la ukoo kwa sababu ndivyo anavyoitwa mtaani. Herufi moja au mbili hurekebishwa, wakati mwingine kwa ada. Kumtoa Asha na kumweka dada yake baada ya tiketi kukatwa kwa kawaida hakukubaliki: ni kununua upya. Ukiwa na picha hiyo mkononi, angalia na tarehe ya mwisho ya pasipoti. Iwe imebaki miezi 6, na mimi huihesabu kuanzia siku ya kurudi.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia, na cheti chake kikae pamoja na pasipoti.

Wazee. Kiti cha magurudumu hakiombwi kaunta, kinaombwa kwa wakala saa 48 kabla au zaidi, na ombi lina aina tatu, kila moja na herufi zake. WCHR ni anayepanda ngazi za ndege mwenyewe lakini hawezi mwendo mrefu. WCHS hapandi ngazi, ila ndani ya ndege anajisogeza. WCHC ni wa kubebwa hadi kwenye kiti chake. Watu huomba WCHR kwa kila mzee kwa kuona haya, halafu kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, mahali ambapo ndege imeegeshwa mbali na jengo, bibi anasimamishwa chini ya ngazi asizoweza kuzipanda. Mwulize kila mmoja kwa siri, au amtume mwanawe aseme ukweli.

Begi la mkononi la muumini wa Umra lina vitu visivyofaa kwenda chini ya ndege. Shuka za ihramu ni la kwanza: miqati, yaani mpaka ambao mtu anatakiwa awe ameshaingia ihramu, hupitwa ndege ikiwa angani, na shuka zikiwa kwenye begi kubwa, hakuna namna. Wengi huvaa nyumbani au kwenye transiti, jambo ambalo naliunga mkono, kwa kuwa choo cha ndege si mahali pa mwanaume mzima kujifunga shuka. La pili ni dawa. Insulini ikikaa tumbo la ndege inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena. La tatu ni pawabenki, ambayo hairuhusiwi kabisa kwenye mzigo wa chini. Kikomo bila kibali ni Wh (wati-saa) 100, na ya mAh 20,000 ina kama Wh 74, kwa hiyo inapita. Isiyo na maandishi ya ukubwa wake inaweza kuchukuliwa. Mkasi, wembe na mafuta ya nywele ya zaidi ya mililita 100 viende chini.

Kaunta, fikeni saa 4 kabla ya ndege kuondoka. Bukingi ya kundi mara nyingi haikubali kujisajili mtandaoni, hivyo mtapita mmoja mmoja. Hapa kiongozi hujikuta anakusanya pasipoti zote na kupima mizigo kwa pamoja ili aliyezidisha abebwe na mwenye begi jepesi. Kataa. Lebo zikitoka zote kwa jina la mtu mmoja, begi likipotea mwenye haki ya kudai ni yeye, na yeye akizuiwa kupanda, mabegi yote yaliyosajiliwa kwake yanashushwa, likiwemo la Mama Mwanaidi asiye na habari. Kila mtu na begi lake, lisizidi kilo 32 hata mkiwa na uzito wa ziada. Kabla ya kuondoka kaunta soma herufi tatu za lebo: JED ni Jeddah, MED ni Madina. Ikisomeka jina la uwanja wa transiti, rudi papo hapo.

Kurudi, maji ya Zamzam nunueni kwenye katoni maalumu ya lita 5 uwanjani Jeddah, moja kwa abiria, baada ya kuthibitisha na shirika lenu. Dumu lililofichwa ndani ya begi la nguo huonekana kwenye mashine, na begi linabaki huko linafunguliwa.

Begi lisipotoka, usivuke mlango wa forodha. Nenda dawati la mizigo, toa lebo, uandikiwe ripoti yenye namba. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika lalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea, na lililochelewa ndani ya siku 21. Barua iende kwa shirika lenyewe. Simu kwa kiongozi wa kundi haihesabiwi.