Je, wajua kwa nini neno la Kiingereza "house" hutaja pia bunge, ukoo wa kifalme na aina ya muziki?

Neno la Kiingereza "house" ni miongoni mwa maneno ya kwanza kabisa ambayo mwanafunzi wa lugha hiyo hujifunza, na kwa kawaida hufundishwa pamoja na picha ya paa, mlango na madirisha mawili. Baadaye mwanafunzi huyo hulikuta neno lilelile likitaja baraza la kutunga sheria, ukoo wa kifalme, kampuni ya kuchapisha vitabu au ya kubuni mavazi, watazamaji waliojaa ukumbini, mwenye kuendesha mchezo wa kamari, na hata muziki wa kucheza. Je, neno la makazi lilifikaje kote huko?

Maelezo yanayotolewa mara nyingi hutegemea mgawanyo mmoja mashuhuri: kwamba "house" ni jengo tupu la matofali na mbao, ilhali "home" ni mahali palipo na watu, mapenzi na kumbukumbu. Mgawanyo huo una ukweli katika mazungumzo ya leo, lakini ukichukuliwa kuwa asili ya maneno haya unapotosha, kwa sababu hulifanya kila tumizi lingine la "house" lionekane kuwa pambo lililobandikwa juu ya jengo katika siku za karibuni.

Tuanze na "home". Katika Kiingereza cha Kale neno hilo lilikuwa "hām", nalo lilitaja makazi kwa maana ya kijiji au shamba kubwa pamoja na watu wake. Alama yake imebaki katika majina ya miji ya Uingereza yanayoishia kwa "-ham", kama vile Birmingham, jina ambalo maana yake ni makazi ya watu wa Beorma. Si kila jina la namna hiyo ni ushahidi, kwa kuwa baadhi yametokana na neno jingine, "hamm", lililotaja ardhi iliyozungukwa na maji au kinamasi. Hata hivyo, yanayobaki yanatosha kuonyesha kwamba "home" ilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho na kupimwa kwa hatua, muda mrefu kabla ya kuwa hisia ya moyoni.

"House" nayo, iliyoandikwa "hūs" katika Kiingereza cha Kale na yenye ndugu kama "Haus" ya Kijerumani, "huis" ya Kiholanzi na "hus" ya Kiswidi, haikuwahi kuwa jengo tupu kwa kadiri inavyodhaniwa. Neno la Kiingereza la mume, "husband", lilitoka katika lugha ya kale ya Skandinavia, ambako "hús" ni nyumba na "bóndi" ni mkazi mwenye milki yake. Mwanzoni lilimtaja bwana wa nyumba, awe ameoa au hajaoa, na maana ya mume ilifuata karne kadhaa baadaye. Kutoka lugha hiyohiyo lilikuja neno "hustings", ambalo leo huhusu kampeni za uchaguzi, lakini ambalo asili yake ni mkutano wa watu wa nyumba ya mtawala, tofauti na mkutano wa umma wote. Katika maneno yote mawili, nyumba ni watu na mamlaka yao.

Wala jambo hili si mali ya Wazungu wa kaskazini. Katika sura ya 7 ya Kitabu cha Pili cha Samweli, Mfalme Daudi anakusudia kumjengea Mungu nyumba, yaani hekalu, naye anajibiwa kwamba Mungu ndiye atakayemjengea yeye nyumba, yaani ukoo wa wafalme. Kiebrania kilibeba maana zote mbili katika neno moja, na tafsiri za Biblia ziliiimarisha maana hiyo ya ukoo katika lugha nyingi, Kiingereza kikiwamo.

Kinachofanya kazi hapa ni taashira, yaani kukitaja kitu kwa jina la kingine kilicho karibu nacho. Tunaposema birika linachemka, kinachochemka ni maji yaliyomo ndani, na hakuna msikilizaji anayedhani kwamba bati limegeuka mvuke. Jina la chombo limekipa jina kilichomo, bila sisi kuamua wala kugundua. Sasa fikiria kwamba maji yale humiminwa na kujazwa upya kila siku, na bado tunasema ni birika lilelile linalochemka. Neno "house" limepita njia hiyo: kwanza jengo, kisha watu walio ndani yake, kisha umoja unaodumu ingawa watu wenyewe huja na kuondoka.

Hatua ya mwisho ndiyo ya ajabu kuliko zote, kwa sababu umoja huo ukishakomaa hauhitaji tena jengo. Tarehe 16 Oktoba 1834 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Kasri la Westminster, jengo la bunge jijini London, lakini House of Commons, yaani baraza la wabunge wa kuchaguliwa, haikuungua, kwani ilikuwa ni wabunge, taratibu na haki zao. Mwezi Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yaliuharibu tena ukumbi wa baraza hilo. Wabunge wakahamia katika ukumbi wa House of Lords, yaani baraza la pili la bunge hilo, ambalo wajumbe wake nao wakasogea chumba kingine, na kwa miaka kadhaa "house" moja ikawa inakutana ndani ya nafasi ya "house" nyingine, hadi ukumbi mpya ulipofunguliwa mwaka 1950. Sentensi kama hiyo isingeeleweka kabisa kama neno lingekuwa na maana ya jengo peke yake.

Familia ya kifalme ya Uingereza inaonyesha jambo hilo kutoka upande wa pili. Tarehe 17 Julai 1917, wakati wa vita dhidi ya Ujerumani, Mfalme George V alitangaza kwamba nyumba yake, iliyokuwa na jina la Kijerumani la Saxe-Coburg na Gotha, sasa itaitwa House of Windsor. Jina lilichukuliwa kutoka ngome ya Windsor, jengo halisi la mawe, likapewa ukoo ulioenea mbali na ngome hiyo.

Matumizi ya ukumbi wa maonyesho na ya kamari yanafuata mkondo uleule na hayahitaji maelezo marefu. Katika mchezo wa ruleti wenye vitundu 37, anayeweka dau kwenye namba moja na kushinda hurudishiwa dau lake na kulipwa mara 35 tu ya dau hilo juu yake, na pengo hilo humwachia mwendeshaji wastani wa asilimia 2.7 ya kila dau. Huyo mwendeshaji, awe mtu au kampuni, ndiye "house". Unajimu, kwa upande mwingine, haumo katika mkondo huu: "houses" 12 zinazogawa anga ni sitiari, kwa maana hakuna jengo lililowahi kuwa huko juu likaacha jina lake.

Muziki wa "house" ulizaliwa Chicago, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba jina lilitokana na klabu iliyoitwa Warehouse, iliyofunguliwa mwaka 1977, ambako Frankie Knuckles alikuwa akipiga santuri. Neno "warehouse" maana yake ni ghala, na sehemu ya mbele ilidondoka. Wapo wanaosema kwamba jina lilitokana na nyimbo hizo kutengenezwa nyumbani kwa mashine za bei nafuu. Lakini maelezo yote mawili yanategemea taashira ileile: muziki umepewa jina la mahali ulikotoka, iwe ghala la Chicago au chumba cha mtu.