Taa ya Nam Loki inawaka ila namba hazitoki: wanayosema watu na ukweli wenyewe

Msimu wa korosho ukifunguka, makarani wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) kuanzia Tandahimba hadi Masasi wanashinda wanapiga kilo za wakulima kwa zile namba za kulia mwa kibodi, alafu asubuhi moja kompyuta inawashwa, taa ya Nam Loki (Num Lock, kile kitufe cha kuwasha na kuzima hizo namba za kulia) inawaka vizuri tu, paswedi inakataliwa, inarudiwa inakataliwa tena na foleni nje inazidi kurefuka. Hapo ndo maneno yanapoanza.

La kwanza utasikia "taa si inawaka, namba ziko oni". Jamani sio lazima. Kibodi yenyewe haiamui kitu, ukibonyeza Nam Loki inapeleka taarifa tu kwamba kitufe kimebonyezwa, anayeshika hali ya namba ni mfumo wa kompyuta, yaani Windows au Linux, na yeye ndo anairudishia kibodi amri ya kuwasha au kuzima taa. Sasa mashine inapowaka usukani unapita kwa wengi, BIOS kwanza (programu ndogo inayoamsha mashine), kisha mfumo wenyewe, kisha skrini ya kulogini, kisha akaunti yako, na kila mmoja ana mpangilio wake. Mmoja akibadili hali bila kutuma amri ya taa, taa inabaki na habari ya zamani. Kibodi ya IBM PC ya 1981 haikuwa na taa hata moja, zilikuja na PC AT ya 1984 kwa sababu hapo ndo kibodi ilianza kupokea amri kutoka kwenye kompyuta.

La pili ndo linaniuma zaidi: "kibodi imekufa, nunua nyingine", au "umesahau paswedi, ita fundi", na hela ya ofisi inaondoka bure. Jaribu kwanza kuandika namba kwenye sehemu ya jina, au bonyeza ile alama ya jicho pembeni ya paswedi uone paswedi inavyoandikwa. Kama Nam Loki iko ofu, 7 inakurusha mwanzo wa mstari, 1 inakupeleka mwisho, 4 na 6 zinasogeza kale kamstari kanakopepesa, na nukta inafuta herufi, kwahiyo unaharibu paswedi sahihi bila kujua. Ukiwa na haraka tumia namba za mstari wa juu, zile Nam Loki haizigusi kabisa.

Kwenye baadhi ya laptopu ndogo ni kinyume, Nam Loki ikiwa oni herufi ndo zinageuka namba, j inatoa 1, u inatoa 4.

Wengine wanasema zima kabisa uwashe upya. Kuanzia Windows 8 kuna mtindo wa kuwaka haraka, kwahiyo ukichagua Shut down sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski na inarudishwa ukiwasha, kumbe Restart ndo inayoanza upya kweli.

Dawa ya kudumu, mwambie fundi azime huko kuwaka haraka, aangalie mpangilio wa Nam Loki kwenye BIOS, alafu kwenye rejistri (ghala la mipangilio ya Windows), HKEY_USERS\.DEFAULT\Control Panel\Keyboard, aweke InitialKeyboardIndicators iwe 2. Wenye Linux inayotumia SDDM (programu ya skrini ya kulogini) wanaandika Numlock=on chini ya [General] kwenye /etc/sddm.conf, na skrini ya kulogini inaanza namba zikiwa oni.