Gari kuzunguka na gari kuwaka si kitu kimoja

Ukipigia makanika simu umwambie gari imekataa kuwaka, swali lake la kwanza kama ni fundi kweli ni hili: inazunguka ama haizunguki? Wengi hukwama hapo, mtu anajibu tu "haiwaki bana", sasa huyo fundi akitoka Kondele abebe nini, betri ama pampu ya mafuta?

Kuzunguka ni kazi ya stata. Hiyo ni mota ya umeme, ukipiga ufunguo inavuta umeme wa betri na kuigeuza injini kwa nguvu, ndio ile nyenyenyenye unasikia. Kuwaka ni pale injini imeshika yenyewe kwa mafuta na cheche za plagi, ukiachilia ufunguo inaendelea kunguruma.

Haizunguki? Basi achana na mambo ya petroli kabisa, shida iko kati ya betri na stata. Na hapa ndio watu hudanganyika sana, eti betri iko poa juu taa zinawaka na redio inaimba. Taa mbili za mbele za kawaida zinakula kama ampia 9 hivi, stata inataka mia na zaidi kwa mpigo mmoja, kwa hivyo betri inaweza kukuimbia redio asubuhi yote na ishindwe kugeuza injini. Washa taa halafu piga ufunguo mwenzako akiangalia mbele. Zikififia kabisa na unasikia tatatata, betri imeisha ama terminali (pale waya hufungwa kwa betri) zimelegea. Zikibaki zinang'aa na kuko kimya, angalia rilei (ka-swichi ka umeme), fyuzi, stata yenyewe, na kama ni otomatiki angalia gia iko P ama N (usicheke, imenipata nikiwa na abiria). Ukiwa na mita ya kupima umeme, betri iliyojaa na imepumzika inasoma karibu volti 12.6, ikishuka chini ya 12 hiyo imekwisha.

Jirani yangu hapa Kisumu alinunua betri mpya, kesho yake hadithi ni ile ile. Kumbe terminali zilikuwa na ule unga mweupe, umeme unapita kwa shida, akatoa pesa bure. Toa waya wa hasi kwanza ndio utoe wa chanya, osha na maji moto yenye magadi, ndio, hiyo hiyo ya kupikia mrenda, maji yasiingie ndani ya betri, kausha, kwaruza na msasa, kaza. Na usilaumu baridi peke yake. Betri huuliwa na joto la Kisumu halafu inaenda kufia kwa baridi ya Molo, kwa sababu huko asubuhi oili imekuwa nzito na betri iliyochoka haina tena nguvu ya kuigeuza.

Sasa ikizunguka vizuri na haiwaki, betri usiiguse. Weka ufunguo kwa ON bila kupiga stata, usikie nyuma karibu na tanki: gari nyingi za petroli pampu inalia zzz sekunde mbili hivi. Kimya inaweza kuwa fyuzi, rilei ama pampu yenyewe. Inalia? Nenda kwa plagi na koili (inayopatia plagi umeme wa cheche). Ka-taa ka ufunguo kakiendelea kupepesa kwa dashi, gari haijautambua ufunguo wako, hapo hata ubadilishe plagi zote ni kazi bure. Geji ya mafuta pia hudanganya, wacha nisiseme zaidi. Na usikanyagie stata dakika nzima, sekunde kumi zinatosha, ipumzike, la sivyo utaichoma uwe na shida mbili.

Kusukuma kunasaidia ile ambayo haizunguki tu, na iwe ya gia za mkono. Otomatiki hata mje kijiji kizima mtachoka bure.